Jukwaani Bila Mswada: Mwongozo wa Kuigiza Papo kwa Papo

Watu wanane wamesimama mstari mmoja, ukuta nyuma yao, na mbele yao wameketi wenzao wanane. Kiongozi ametoa maelekezo mafupi: ninyi watazameni wao, na wao wawatazame ninyi. Hakuna la kusema wala la kufanya. Haipiti dakika, miili inaanza kusumbuka. Mmoja anacheka bila kuchekeshwa. Mwingine hajui aiweke wapi mikono yake; anaitia mfukoni, anaitoa, anaikunja kifuani. Wa tatu anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kama abiria aliyekosa daladala mbili mfululizo. Kiongozi anawaacha hivyo hivyo mpaka kimya kinakuwa kizito, ndipo anasema: sasa hesabuni mbao za dari, mkimaliza rudieni tena. Papo hapo mabega yanashuka. Mikono inapata pa kukaa bila kutafutiwa. Nyuso zilizokakamaa zinageuka kuwa nyuso za watu walio kazini.

Hilo ndilo zoezi la kwanza katika kitabu cha Viola Spolin, Improvisation for the Theater, kilichochapishwa Marekani mwaka 1963. Anayetaka kujifunza kuigiza papo kwa papo hatapata mlango mzuri kuliko huo. Halihitaji jukwaa, mavazi wala kipaji. Linahitaji chumba na watu wasiopungua sita. Pande mbili zikishabadilishana nafasi, kiongozi aulize jambo moja tu: mliposimama bure mlisikia nini mwilini, na mlipoanza kuhesabu, hali ile ilikwenda wapi? Wengi husema iliondoka bila wao kuona ikiondoka.

Jibu hilo ndilo msingi wa sanaa yote hii. Hofu ya jukwaani hulishwa na mtu kujitazama mwenyewe. Akipewa kazi ya kweli ya kufanya, macho yake yanatoka kwake na kwenda kwenye kazi, na hofu inakosa wa kumkalia.

Spolin, aliyeishi kati ya mwaka 1906 na 1994, hakuyapata haya kwa waigizaji. Alifunzwa mjini Chicago na Neva Boyd, mtaalamu wa michezo ya vikundi aliyefanya kazi Hull House, nyumba ya huduma kwa wahamiaji iliyofunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr. Mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya Marekani ilipokuwa ikiajiri watu katika miradi ya umma ili kupunguza makali ya mdororo wa uchumi, Spolin alisimamia maigizo katika mradi mmojawapo mjini humo. Wanafunzi wake walikuwa watoto na watu wazima wa mitaa ya wahamiaji, watu ambao mhadhara juu ya nadharia ya uigizaji usingewafikisha popote. Akawapa michezo. Kila tatizo la jukwaani akalitafutia mchezo wake, ili mchezaji alitatue kwa kucheza badala ya kukaripiwa. Mwanawe, Paul Sills, akaibeba michezo hiyo: mwaka 1955 akaanzisha kikundi cha Compass pamoja na David Shepherd, na Desemba 1959 yeye, Bernie Sahlins na Howard Alk wakafungua The Second City, ukumbi ambao uko Chicago hadi leo na ambao umewatoa waigizaji kama Steve Carell na Tina Fey.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kutunga papo hapo mbele ya watu si jambo geni. Pemba wana kibati, majibizano ya mbio yanayotungwa palepale huku ngoma ikilia na waitikiaji wakidaka kiitikio. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano na TOT vilijaza kumbi kwa vichekesho na maigizo yasiyokuwa na mswada: kiongozi anasimulia kisa, anagawa nafasi, na waigizaji wanayatafuta maneno wenyewe, mazoezini na mbele ya hadhira. Vijana wengi waliojifunza kwa njia hiyo walijifunza kwa kukaa karibu na wakongwe miaka mingi. Kilicho kipya kwa Spolin ni kwamba aliuvunja ujuzi huo vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikaweza kufundishwa jioni moja kwa karani, muuguzi au mwanafunzi wa sekondari ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa.

Kabla ya michezo, liwekwe wazi jambo moja, maana hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kuigiza papo kwa papo si shindano la kuchekesha. Mwanafunzi mpya huja na vichekesho vimejaa mfukoni, na wakati mwenzake anazungumza yeye anatafuta nafasi ya kukitoa kimoja. Hasikii. Akikitoa, watu watatu wanacheka, kisha onyesho linakwama, kwa sababu kichekesho chake hakikutokana na lolote lililokuwa likitendeka. Kwenye ngoma yupo anayetoa wimbo na wapo wanaoupokea. Asiyepokea, hata awe na sauti tamu namna gani, anauvunja. Ujuzi wa kwanza hapa ni huo wa kupokea.

Waigizaji wa sanaa hii wana kanuni yao maarufu: "Ndiyo, na..." Mwenzako akisema jambo, lichukue kuwa kweli, kisha ongeza lako juu yake. Kila sentensi anayokupa ni zawadi, hata ikiwa haikufungwa vizuri. Tazama mfano huu wa watu wawili jukwaani.

"Fundi, cherehani yako inatoa moshi."

"Moshi uko wapi? Kwanza hii siyo cherehani, ni friji."

Hadhira inaweza kucheka, lakini onyesho limekufa. Kwa sentensi moja, mchezaji wa kwanza alikuwa ametoa zawadi tatu: mwenzake ni fundi, kuna cherehani, na kuna hatari. Zote zimetupwa, na sasa anapaswa kuanza upya akiwa na mtu ambaye ameshaonyesha kwamba atamziba tena. Sasa ijaribiwe kwa kupokea:

"Fundi, cherehani yako inatoa moshi."

"Najua, dada. Wiki nzima nashona gauni la bibi harusi mmoja, na kila akija vipimo vimebadilika."

"Si ndiye mimi huyo, fundi?"

Hakuna aliyefanya juhudi ya kuchekesha. Wawili hawa wamepokeana mara mbili tu, na tayari kuna harusi, kuna aibu ya fundi, kuna mashine inayoungua, na kuna mteja anayeficha sababu ya vipimo vyake kubadilika. Hadhira itakaa kusubiri sababu hiyo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Anayepokea ni mwigizaji, si lazima awe mhusika. Mtoto akiambiwa na mama yake, "Umemaliza nyama yote ya sufuria," anaweza kukana kwa kiapo na machozi, huku akijifuta mafuta mdomoni kwa mkono wa shati. Mhusika amekataa, mwigizaji amekubali kila kitu: sufuria, nyama, kosa na mama. Mwalimu asiyelieleza hili mapema atapata wanafunzi wanaoigiza watu wanaokubaliana tu, na hakuna kisa kinachokwenda mbali kwa makubaliano matupu.

Zoezi la kufundishia kanuni hii ni rahisi. Wakae wawili wawili, wapange safari ya pamoja ya kwenda Bagamoyo. Kwa dakika mbili za kwanza, kila jibu lianze na "Hapana". Dakika mbili zinazofuata, kila jibu lianze na "Ndiyo, lakini". Mbili za mwisho, "Ndiyo, na". Raundi ya kwanza inachosha upesi. Ya pili ndiyo ya kutazamwa kwa makini, kwa sababu inafanana na vikao vingi ambavyo kila mtu mzima amewahi kukaa: maneno ni ya adabu, nyuso zina tabasamu, na safari haiendi. Raundi ya tatu, sauti chumbani hupanda zenyewe. Safari ya Bagamoyo inapata jahazi, jahazi linapata ng'ombe, ng'ombe anapata pasipoti. Kiongozi asiwaambie watu wamejifunza nini. Awaulize katika raundi ipi walimtazama mwenzao usoni.

Zoezi jingine la siku ya kwanza limetoka kwa Keith Johnstone, Mwingereza ambaye habari zake zinakuja mbele kidogo. Kila mtu atembee chumbani akinyoosha kidole kwenye vitu na kuvitaja kwa sauti kwa majina yasiyo yake: mlango aseme "papai", feni aseme "Jumanne", kiatu chake mwenyewe aseme "mkopo". Kwa nusu dakika ya mwanzo wengi hukwama, na ukimchungulia aliyekwama utaona anatafuta jina zuri, jina la akili. Kazi haikuwa hiyo. Jina lolote linatosha. Likishatoka la kwanza bila kupimwa, mengine hufuata, na watu humaliza wakisema chumba kinaonekana kipya machoni pao.

Kukosea nako kufundishwe tangu siku hiyo hiyo. Watoto wa Kiswahili wanao mtaji hapa. Mtu anatega kitendawili, mwenzake anashindwa, basi anaambiwa: nipe mji. Anatoa Tabora au Lamu, mtegaji anakwenda huko, anarudi na jibu, na kitendawili kingine kinategwa. Kushindwa kumepewa njia ya kupita, na hakuna aliyeaibika. Kikundi kinaweza kuihamishia desturi hiyo mazoezini: anayekosea katika mchezo wowote anyanyue mikono juu, ataje mji kwa sauti kubwa, wote wapige makofi, mchezo uendelee. Baada ya wiki chache mwili unasahau ule mkunjo wa uso unaokuja baada ya kosa, mkunjo ambao hadhira huuona kabla haijaliona kosa lenyewe.

Mchezo unaostahili muda mrefu kuliko yote katika mwezi wa kwanza ni hadithi ya neno moja moja. Watu watano hadi wanane wanakaa duara, kila mmoja anasema neno moja, na maneno yakifuatana yanakuwa hadithi. Wanaoucheza kwa Kiingereza hupitisha zamu nyingi kwa vineno vidogo visivyobeba kitu. Kwa Kiswahili hakuna pa kujificha. Aliyesema "kijiko" amewafunga wote wanaofuata kwa ngeli yake: "Kijiko... cha... bibi... kilipotea... jana... lakini... hakuna... aliyekitafuta... isipokuwa... paka." Angalia neno la nane. Aliyetamka "aliyekitafuta" amebeba mtendaji, wakati uliopita na kitu kinachotafutwa, vyote kwa pumzi moja, na kwa silabi ile moja ya "ki" amethibitisha kwamba kijiko cha mwenzake bado kimo mkononi mwake. Angesema "aliyeitafuta", duara zima lingejua alikuwa mbali. Upatanisho wa kisarufi, ule ambao shuleni hufundishwa kwa jedwali na kusahihishwa kwa wino mwekundu, hapa unakuwa kipimo cha usikivu. Mwalimu wa Kiswahili anayelisoma hili anaweza kuuingiza mchezo huu darasani kesho asubuhi bila kuomba kibali cha mtu.

Tatizo la kawaida katika mchezo huu ni mchezaji anayekuja na hadithi yake kichwani. Alitaka kijiko kipatikane mtoni, jirani yake akasema "paka", naye akanyong'onyea. Mtu huyo aambiwe kwa upole kwamba hadithi yake ilikuwa nzuri, ila duara halikuwa likiitunga hiyo.

Kioo ni mchezo wa Spolin unaochezwa bila maneno. Wawili wanatazamana; mmoja anatembeza mikono na uso polepole, mwingine anamfuata kama taswira yake kwenye kioo. Kiongozi akisema "badilisheni", uongozi unahama. Baadaye anasema: sasa hakuna anayeongoza. Wakitulia, mwendo unaendelea bila kujulikana unatoka kwa nani. Dakika tano zinatosha, kila mazoezi.

Keith Johnstone alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1933, na kuanzia mwaka 1956 alifanya kazi katika ukumbi wa Royal Court mjini London. Wakati huo sheria ya Uingereza ilitaka kila mchezo wa kuigiza upelekwe kwanza kwa Lord Chamberlain, ofisa wa kasri la kifalme, upate kibali kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1968. Mchezo usioandikwa hauwezi kupelekwa popote kukaguliwa. Johnstone na kikundi chake wakapita kwa kuyaonyesha mazoezi yao kama madarasa ya wazi. Baadaye alihamia Kanada, na mwaka 1977 mjini Calgary akashiriki kuanzisha kikundi cha Loose Moose, ambako mashindano yake ya maigizo, Theatresports, yalipata nyumba: timu mbili, waamuzi, na hadhira inayoshangilia kama iko uwanjani. Alifariki mwaka 2023.

Mchango wake mkubwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni mafunzo yake juu ya hadhi. Royal Court alikuwa akihangaika na waigizaji wazuri ambao hawakuweza kuigiza mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Yalitoka makavu, kama yamekaririwa. Siku moja akawaambia kila mmoja ajitahidi kuwa juu kidogo ya mwenzake, au chini kidogo, kwa tofauti ndogo kabisa. Mazungumzo yakapata uhai mara moja. Aligundua kwamba watu wakikutana hawaachi kupanda na kushuka, kama watoto kwenye pembea ya ubao, na kwamba mwili ndio unaosema zaidi: anayezungumza bila kutikisa kichwa hupanda, anayejigusa uso kila mara hushuka.

Waswahili hawahitaji kushawishiwa juu ya hili. Salamu yao yenyewe inatangaza nani yuko juu kabla hata habari hazijaulizwa. Ndiyo maana zoezi la hadhi huiva upesi likichezwa kwa Kiswahili. Lijaribiwe hivi. Mahali ni ofisi ya serikali ya mtaa. Mezani ameketi mwenyekiti wa miaka ishirini na minane. Anaingia mzee wa miaka sabini, amekuja kuomba barua ya utambulisho. Umri unamweka mzee juu. Mhuri unamweka kijana juu. Nani ataanza kusalimu?

"Shikamoo, mzee wangu," anasema kijana bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Marahaba, mwanangu." Mzee anangoja kukaribishwa kiti. Hakaribishwi. "Mheshimiwa."

Maneno ni machache sana, lakini hadhi imehama mara nne: kijana ameshuka kwa ulimi na kupanda kwa macho, mzee amepanda kwa "mwanangu" na kushuka kwa "mheshimiwa". Warudie tukio hilo hilo, safari hii mzee akikaa bila kukaribishwa. Warudie tena, kijana akisimama na kutoa kiti chake mwenyewe. Halafu wamweke mtu wa tatu, mtendaji anayeingia katikati na kumwambia mzee, "Mwalimu! Hunikumbuki? Ulinifundisha darasa la tano." Watazame mgongo wa mwenyekiti unavyobadilika. Kikundi kinaweza kukaa na zoezi hili mwezi mzima bila kulimaliza.

Kwa wanaopenda njia nyepesi, zitumike karata, kuanzia mbili hadi kumi. Kila mchezaji anachota moja bila kuitazama, anaishika kwenye paji la uso ili wengine waione, na wote wanazunguka kama wako kwenye karamu, wakimtendea kila mmoja kulingana na namba yake. Mwishoni wajipange kutoka mdogo hadi mkubwa, kila mtu kwa kadiri alivyotendewa. Mara nyingi hupatia, au hukosa kwa nafasi moja tu. Mwenye mbili hujijua mapema. Mazungumzo baada ya mchezo huu hupata uzito wake yenyewe, kwa hiyo kiongozi asiyakatize.

Wachezaji wakishaweza kupokea na kucheza hadhi, ndipo wajenge onyesho kamili. Spolin alitaka mambo matatu yajulikane: nani, wapi, na wanafanya nini. Wengi hukumbuka nani, husahau wapi. Wanasimama katikati ya chumba wakiongea, mikono ikining'inia, na hadhira haioni mahali popote. Dawa yake ni kuwapa kazi ya mikono yenye vifaa visivyoonekana, na kazi nzuri ni ile ambayo hadhira imeifanya kwa mikono yake yenyewe. Kukuna nazi, kwa mfano. Mwigizaji asugue tu hewani, kila mama aliyepo atajua anadanganya. Lakini akiiweka mbuzi chini, akaikalia kwa upande kidogo ili gauni lisiguse meno, akasogeza sinia kwa mguu hadi chini ya kinywa cha mbuzi, akashika kifuu kwa mikono miwili na kuanza kukizungusha kutoka ukingoni kuja ndani, hapo jiko lipo. Akisimama kidogo kulamba chembe iliyoruka kwenye kidole, nazi ni mbichi na tamu. Sasa mwenzake anayeingia ana mahali pa kuingia. Na akilikanyaga lile sinia, hadhira itapiga kelele, kwa sinia ambalo halipo.

Spolin alisisitiza kuonyesha badala ya kueleza. "Mimi ni dada yako na leo ni sikukuu" ni maelezo. Mtu anayeingia, akachungulia sufuria bila kuomba ruhusa, akaonja na kuongeza chumvi, ameshakuwa dada, na pengine dada mkubwa.

Kisa kifungweje? Johnstone alimfananisha mtunzi na mtu anayetembea kinyumenyume: haoni anakokwenda, lakini anaona vizuri alikopita. Kwa hiyo mchezaji asihangaike kutafuta mwisho mpya. Arudi nyuma, aokote kitu kilichoachwa njiani. Kwa fundi na bibi harusi wake, siku ya harusi imefika, maharusi wako mbele ya watu, na mshenga ananusa hewa na kusema anasikia harufu ya moshi. Onyesho limefungwa. Hadhira hushangilia sana wakati kama huo, kwa kuwa nayo iliuona moshi ule mwanzoni na ikadhani umesahauliwa.

Kuna miundo mirefu zaidi, kama Harold, iliyobuniwa mwaka 1967 na kikundi cha The Committee cha San Francisco wakiwa na Del Close, na baadaye ikaenezwa Chicago na Close pamoja na Charna Halpern: neno moja la hadhira linazaa maonyesho kadhaa yanayopishana na kurudiana kwa karibu nusu saa. Kikundi kichanga kisiukimbilie. Kingoje hadi kiweze kuendesha onyesho la dakika nne bila mtu kumziba mwenzake.

Kuhusu kuongoza: saa mbili kwa wiki zinatosha, na watu kumi ni idadi nzuri. Spolin alionya vikali juu ya mtu kucheza ili asifiwe au kwa kuogopa kulaumiwa. Aliona mambo hayo mawili yanamfunga mchezaji kwa kamba moja. Mwalimu aliyezoea kusema "vizuri sana" atapata shida mwanzoni. Badala yake awaulize waliotazama: walikuwa wapi? mlijuaje? mlikiona kikombe? Mchezo ukiendelea, anaweza kutupa maelekezo mafupi kutoka pembeni, kama "mtazame mwenzako" au "sikia uzito wake", bila kuusimamisha.

Mipaka iwekwe kabla ya mchezo wa kwanza. Kila mtu aseme asipotaka kuguswa mwilini, na aheshimiwe bila kuulizwa sababu. Kanuni ya kupokea haimlazimishi mtu kuvumilia mkono usiotakiwa au tusi la kabila, dini au ulemavu lililovaa nguo za utani. Watani wa jadi wana ruhusa iliyojengwa kwa vizazi na yenye wajibu wake, hasa msibani. Kikundi kilichokutana Jumamosi mbili hakina ruhusa hiyo. Mchezaji yeyote anaweza kusimamisha onyesho kwa kunyoosha mkono, na onyesho lisimame.

Ujuzi huu umetumika mbali na kumbi za burudani. Mwaka 1982 na 1983, wataalamu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, mimba za wasichana wa shule zikiwamo, nao ndio walioyacheza na kuyajadili. Mbrazili Augusto Boal alikwenda njia inayokaribiana na hiyo: katika maonyesho yake mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha mchezo, kupanda jukwaani na kujaribu suluhisho lake mwenyewe. Stony Brook, jimbo la New York, mwigizaji Alan Alda alisaidia kuanzisha mwaka 2009 kituo kinachowafundisha wanasayansi, kwa mazoezi kama ya Spolin, kuzungumza na watu wasio wanasayansi. Daktari anayejifunza kumtazama mgonjwa usoni anafanya kile kile kilichofanywa kwenye kioo.

Baada ya wiki nane hadi kumi, kikundi kinaweza kualika majirani na ndugu, watu thelathini wakitosha kabisa, kwa onyesho la nusu saa. Viti vipangwe nusu duara, taa za kawaida ziachwe zikiwaka. Kwa kawaida hadhira huombwa itoe neno la kuanzia, na hapo vikundi vingi hukosea kwa kuuliza, "Tupeni neno lolote." Watu hujibu kwa mzaha au hukaa kimya. Ulizeni kitu ambacho mtu analo jibu lake kutoka nyumbani: mara ya mwisho jirani aliazima nini kwako?

Mama wa mstari wa pili anasema kinu. Anaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mpaka leo hakijarudi. Wachezaji wawili wanatoka mstarini. Mmoja anakunja magoti kidogo, anazungusha mikono yote miwili kwenye kitu kipana, anavuta pumzi na kukinyanyua hadi tumboni. Shingo yake inasimama mishipa. Mwingine amekimbia kushika mlango, anachungulia nje kama kuna mtu anayewaona. Hakuna aliyesema neno bado, na mama wa mstari wa pili amekwisha kusogea mbele ya kiti chake.